Sinki la Kona na Milango Miwili

Fundi Rupert alichora sakafuni kwa mkaa. Alichora kona, akachora na tumbo la sinki la kuogea lilivyotokeza mbele kama robo ya ungo, halafu akasimama, akapangusa vidole kwenye suruali na kumtazama Odilia badala ya mumewe.

"Hili la mkono wa kushoto likikaa hapa," alisema, akigusa mchoro kwa ncha ya kiatu, "mlango wa nyuma ndiyo basi tena. Nauziba."

"Ziba," alisema Goodluck.

"Mkichukua la mkono wa kulia, linakaa kona ile pale. Hapo mlango wa mbele ndio unaozibwa. Kuacha milango yote miwili haiwezekani."

"Fundi, nani anaziba mlango wa mbele wa bafu lake mwenyewe? Ule ndio wa kwetu. Tunachukua la kushoto. Wewe andaa matofali."

Rupert alikuwa mtu wa Peramiho, amefundishwa uashi misheni, na haraka haikuwa desturi yake. Aliendelea kumtazama Odilia. Alikuwa Mngoni kama yeye, na alijua vizuri mlango wa nyuma ulikuwa wa nani. Odilia akainama, akajifanya anamfunga mtoto wake Agape kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nyumba yao ya Msamala, pembeni mwa mji wa Songea, ilikuwa imeshaezekwa, imebaki kupigwa lipu na kuingizwa vyombo vya maji. Mwanzoni ilichorwa na mabafu mawili yaliyopakana. La mbele la Goodluck na mkewe, la nyuma dogo, mlango wake ukifungukia chumba cha uani. Chumba hicho kilikuwa cha Mama Benigna, mama yake Odilia, mjane, aliyeanguka na gunia la mahindi mwezi wa sita akaumia nyonga. Daktari alimweleza Odilia bila kuzunguka: huyu mama akae kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kiunoni, asubuhi na jioni, miezi sita. Asipofanya hivyo nyonga itakakamaa na hatatembea tena.

Siku ile ile, pale pale kitandani hospitalini, Mama Benigna alimshika binti yake kifundo cha mkono.

"Nitakuja kukaa kwenu, mwanangu. Ila nipate pangu pa kuogea. Siwezi kuingia anapoogea mkwe wangu, hilo unalijua. Siku ukiona hapapo, usinifiche. Niambie, nibaki nyumbani kwangu."

"Papo, mama," alijibu Odilia.

Na siku hiyo palikuwapo kweli. Tatizo lilikuja wiki mbili baadaye, Goodluck aliporudi kutoka safari ya kikazi Dar es Salaam. Alikuwa amelala kwenye hoteli yenye sinki la kuogea la kona, na tangu arudi hakuwa na habari nyingine. Lina kiti humo humo ndani, alisema. Mtu anakaa kwenye kile kiti, maji yanamfika kiunoni, hahitaji kulala wala kunyanyuliwa na watu wawili. Walikuwa wameshajaribu karai kubwa la kufulia kule kijijini. Maji yalikomea mapajani, na mama alipotaka kutoka ilibidi jirani aitwe. Sinki la kona ndiyo dawa. Kwa kuwa halikuenea kwenye bafu lolote kati ya yale mawili, Goodluck alimwamuru fundi avunje ukuta wa katikati, mabafu yawe chumba kimoja kikubwa.

"Si kwa ajili ya mama?" alimwuliza mkewe usiku ule. "Mbona umenuna?"

"Sijanuna, Baba Agape."

Hapo ndipo Odilia alipokosea, na kosa lenyewe aliliona likikua siku hadi siku kama ufa ukutani. Kwa mumewe hakusema kwamba mama hatakanyaga sinki hilo. Kwa mama hakusema kwamba ukuta umevunjwa. Goodluck alitoka Machame, huko mbali Kilimanjaro. Alikuwa amezoea kuona mama mkwe wake akipita ubavuni bila kumtazama usoni, akila jikoni wakati yeye yuko sebuleni, akiinuka kwenye kiti mara amwonapo mlangoni. Alidhani ni aibu za mama wa kijijini. Odilia alimwachia adhani hivyo, kwa kuwa kumweleza kulikuwa kama kumwambia, wewe hapa ni mgeni. Akasubiri. Wiki tatu alisubiri jambo lijiseme lenyewe.

Jumamosi ile fundi alipochora sakafuni, lilijisema.

Waliazima pikapu, wakaondoka na Agape, wakampitia Mama Benigna kliniki, wakaenda moja kwa moja mjini kwa Kassimu. Duka la Kassimu lilikuwa ndani ya jengo ambalo miaka ya nyuma lilikuwa duka la serikali. Odilia alikumbuka kupanga foleni hapo na mama yake tangu alfajiri, wakitafuta mche mmoja wa sabuni, na kurudi mikono mitupu. Sasa, tangu ruksa ya biashara ianze, ungeweza kununua humo bomba, koki, vigae vya maua, na vitu ambavyo hata majina yake watu walikuwa hawajayazoea. Kassimu mwenyewe alikuwa Myao wa Nalasi, aliyeacha biashara ya korosho. Alikuwa mnene, mpole, na macho yake yaliona kila kitu.

"Shikamoo mama," alimwamkia Mama Benigna kwanza, kabla ya wengine.

"Marahaba, baba."

Mama Benigna aliingia na fimbo yake, akajitanda khanga mpaka kwenye paji la uso, akasimama upande wa rafu za misumari, mgongo ameuelekeza alikokuwa mkwe wake. Odilia alisimama katikati yao. Ndivyo alivyosimama siku zote, wala hapakuwahi kuwa na aliyemwambia pale ndipo mahali pake.

Sinki lilikuwa katikati ya duka, la kijani kibichi, linang'aa. Watu watano sita walilizunguka. Goodluck akalipapasa ukingo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"La mkono wa kushoto hili?"

"La kushoto," alisema Kassimu. "La kulia ninalo moja, liko stoo, halijafunguliwa. Rangi yake kama damu ya mzee. Watu wanalikataa."

"Mimi nataka hili hili. Kona yangu ni ya kushoto. Mlango wa nyuma fundi anauziba leo, wa mbele unabaki."

Alisema kwa sauti ya mtu mwenye furaha, ikasikika duka zima. Odilia hakuthubutu kugeuka. Aliisikia fimbo ya mama yake ikigusa sakafu mara moja, tok.

Labda angesema kitu wakati huo. Labda mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Lakini Goodluck alikuwa tayari amevua viatu, akainua mguu mmoja, akainua na wa pili, akajilaza ndani ya sinki na soksi zake, mikono ameikunja kifuani.

Watu wakacheka.

"Bwana Maji, umeshafika ziwani?" aliuliza mmoja.

"Mfungulieni koki," alisema mwingine. "Anafanya kazi idara ya maji, haogopi bili."

Goodluck alicheka kuliko wote. Odilia alimtazama usoni na moyo ukamwuma, maana aliijua ile furaha ilikotoka. Utotoni mumewe alioga kwenye mfereji, maji yanayoshuka kutoka mlimani, baridi ya kukata mifupa, saa kumi na moja alfajiri kabla ya shule. Alishamsimulia mara nyingi. Kulala kwenye maji ya moto ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa ndoto yake tangu akiwa hajajua kama ataoa.

Kisha akainuka, akatoka, akaelekea kwenye rafu za misumari. Akafanya jambo ambalo katika miaka minne ya ndoa hakuwahi kulifanya. Alimnyooshea mama mkwe wake mkono.

"Mama, njoo. Njoo ukae kwenye kiti hiki, tuone kama kinakutosha. Hili ni la kwako."

Hakuna aliyecheka. Wawili watatu walitazama chini. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alijifunika mdomo kwa upande wa khanga. Ule mkono ulibaki hewani, na nyuma yake, kwenye sakafu ya sinki, soksi zilikuwa zimeacha alama mbili za vumbi.

Mama Benigna hakuutazama mkono. Hakumtazama mkwe wake. Alimtazama binti yake, na Odilia angependa kupigwa kofi kuliko kutazamwa vile.

"Uliniambia papo," alisema taratibu.

"Mama..."

"Nitolee kifurushi changu garini. Basi la saa nane halijaondoka."

Akatoka nje, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Stendi haikuwa mbali, lakini kwa mwendo ule ilikuwa safari.

Goodluck alishusha mkono. "Nimefanya nini?"

"Twende pembeni."

"Sema hapa hapa. Nimefanya nini mbele za watu?"

Odilia alivuta pumzi. "Mama haogi unapooga wewe. Hakai ulipokaa. Hawezi kuingia mahali ulipolaza mwili wako. Ni mkwe."

"Miaka minne nimekaa na wewe."

"Ndiyo."

"Wiki tatu nazungumzia sinki hili. Nakula nalizungumzia, nalala nalizungumzia. Umekaa kimya."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi ni uchafu." Sauti yake ilishuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angefoka. "Nimemjengea chumba. Nimevunja ukuta kwa ajili ya nyonga yake. Halafu mimi ni uchafu."

"Si uchafu, Baba Agape. Ni heshima. Wewe ni mkubwa sana kwake, ndiyo maana."

"Heshima gani inayomfanya mtu akimbilie basi?"

Hapo Kassimu, aliyekuwa akijifanya anahesabu koki, akakohoa.

"Bwana Goodluck, samahani, si yangu. Lakini hata kwetu Nalasi iko hivyo hivyo. Mimi mama mkwe wangu alikuja kunitazama nikiwa na homa, akasimama nje ya dirisha. Wallahi, siku mbili anasimama dirishani. Hakuingia. Na kila asubuhi nilipoamka nilikuta uji mlangoni. Yule anakuheshimu. Asingekuheshimu angekaa humo na kukuchekea."

Goodluck alivaa viatu vyake polepole, kimoja kimoja, akiwa amemgeuzia mkewe mgongo.

"Mfuate mama yako," alisema hatimaye. "Kifurushi chake kiko chini ya siti."

Odilia alichukua kifurushi, akamkuta mama yake ameshafika stendi, ameketi ndani ya basi dogo kwenye siti ya karibu na mlango, mguu mbovu ameunyoosha. Utingo alikuwa akiita Peramiho, Peramiho, bado wanne. Odilia akaingia akaketi kando yake.

"Shuka," alisema mama. "Una mtoto."

"Agape yuko na baba yake."

"Basi shuka kwa sababu una mume."

"Nyumbani nani atakuchemshia maji? Nani atakunyanyua kwenye karai?"

"Mungu yupo."

"Mungu hachoti maji kisimani, mama."

Mama Benigna karibu acheke, akajizuia. "Usinichekeshe, nimekasirika. Sijamkasirikia yeye. Yule mtoto wa watu hajui. Nimekukasirikia wewe. Umemwacha anyooshe mkono mbele ya watu, na mimi niuache hewani. Unadhani mimi nimependa kuuacha? Nimemwaibisha mkwe wangu. Nitamtazamaje?"

"Humtazamagi."

"Ndiyo hivyo. Hata kutomtazama sasa siwezi."

Bado watatu, aliita utingo. Bado wawili. Odilia aliukodolea macho mguu ule ulionyooshwa, kisigino kimevimba juu ya ukanda wa ndala. Miezi sita. Akaona nyumba ya kijijini, giza la jikoni, mama yake amekaa kwenye kigoda asiweze kuinuka, na yeye yuko Msamala amezungukwa na vigae vya maua. Kama basi likiondoka na mama ndani yake, halitamrudisha. Alimjua. Neno lake likitoka limetoka.

Bado mmoja.

Pikapu ilikuja ikasimama mbele ya basi, pua kwa pua, na utingo akaanza kufoka. Nyuma palikuwa na kitu kikubwa kimeviringishwa magunia na nyasi, kimefungwa kamba, kona mbili zimetokeza. Odilia aliona kipande cha rangi mahali gunia lilipochanika. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, kama damu ya mzee.

Goodluck alishuka akiwa amembeba Agape. Alikuja hadi ubavuni mwa basi, karibu kabisa na dirisha la mama mkwe wake. Kisha akageuka. Aliwapa mgongo, akatazama barabarani, na kusema kwa sauti ya juu kama mtu anayezungumza na hewa.

"Mama Agape."

"Abee."

"Mwambie mama kwamba nimechukua la mkono wa kulia."

Mama yake alikuwa amesikia kila neno, alikuwa umbali wa mkono mmoja. Lakini Odilia alimgeukia, akasema kama ilivyotakiwa kusemwa.

"Mama, mkwe wako anasema amechukua la mkono wa kulia."

Mama Benigna aliivuta khanga mbele kidogo. "Mwulize, mlango gani unaozibwa?"

"Mama anauliza, mlango gani unaozibwa?"

"Wa mbele," ule mgongo ulijibu. "Nimemtumia fundi habari. Bafu lote litafungukia kwenye chumba chake, na ufunguo atakaa nao yeye."

"Anasema wa mbele, mama. Ufunguo utakaa nao wewe."

Hata utingo alisahau kufoka.

"Mwulize," alisema Mama Benigna, "hilo nalo nani amelijaribu?"

Odilia aliliuliza. Mabega ya Goodluck yalitikisika kidogo, haikujulikana kwa kicheko au kwa kitu kingine.

"Mwambie halijafunguliwa. Limepimwa kwa kamba. Kassimu amepima, mimi nilikuwa nje."

"Na yeye? Yeye na mke wake wataogea wapi?"

"Mabanzi ya mbao yamebaki ya kutosha. Nitazungushia uani."

Mama Benigna aliangalia mikono yake. Aliiangalia muda mrefu, mpaka Odilia akaanza kuhesabu pumzi zake mwenyewe. Abiria wa mwisho alikuwa amefika, amesimama mlangoni na kuku wake, anasubiri.

"Mwambie mkwe wangu," alisema mama, "aondoke hapo mlangoni. Siwezi kushuka akiwa amesimama hapo."

Goodluck hakusubiri kutafsiriwa. Aliondoka mara moja, akaenda hadi upande wa pili wa pikapu, akasimama nyuma ya sinki lililoviringishwa asionekane ila miguu.

Jioni ile Rupert aliziba mlango wa mbele. Goodluck alimpokeza matofali moja moja, hakuzungumza, na Odilia hakujua kama amesamehewa. Siku tisa alikula chakula chake, akajibu alipoulizwa, akalala akitazama ukuta. Siku tisa Odilia alimwacha, ila safari hii hakujificha ndani ya kimya hicho. Kila siku alimwambia jambo moja ambalo angepaswa kumwambia miaka minne iliyopita. Kwa nini mama anainuka kwenye kiti. Kwa nini hali sebuleni. Kwa nini alipozaliwa Agape alimpokea mtoto mlangoni asiingie chumbani. Goodluck alisikiliza, hakuchangia.

Siku ya kumi maji yaliunganishwa. Pipa la maji lilichemka nyuma ya nyumba tangu saa tisa alasiri, bomba lake likiingia bafuni. Odilia alimwingiza mama yake, akamkalisha kwenye kiti cha kona, akafungua koki, akasikia mama yake akitoa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake, kama ya mtu anayetua mzigo. Akatoka, akafunga mlango.

Huko nje, nyuma ya mabanzi, Goodluck alikuwa amesimama na taulo kiunoni na ndoo miguuni. Upepo wa jioni wa Songea ulipita kwenye nafasi za mbao. Ukutani, futi nne kutoka kichwani kwake, bomba lilikuwa likinong'ona, maji ya moto yakienda mahali ambapo yeye hatafika.

"Mama Agape," aliita kwa chini.

"Abee."

"Yanamfika wapi?"

"Kiunoni."

Alisikiliza bomba mpaka liliponyamaza. Kisha akachota kopo la kwanza, akajimwagia kichwani, na Odilia akamsikia akivuta pumzi kwa baridi, kama mtoto aliyesimama kwenye mfereji.

"Niachie maji kidogo ya lile pipa," alisema, "mama akishatosheka."